Birgit Prinz: straika aliyemaliza safari yake akiwa benchi

Anzisha ubishi wowote kuhusu mastraika bora wa soka la wanawake, majina yatakuja yale yale. Marta, Mia Hamm, Abby Wambach, siku hizi na Sam Kerr. Mimi sina ugomvi na hata mmoja kati yao, wote nawapenda. Kinachoniuma ni kwamba Birgit Prinz anatajwa mwishoni kabisa, tena mpaka mtu akumbushwe, "eeh kweli, na yule Mjerumani". Yule Mjerumani ana mabao 128 katika mechi 214 za timu ya taifa, yaani karibu mabao matatu kila mechi tano, kwa miaka 17. Amebeba Kombe la Dunia mara mbili mfululizo, Euro (ubingwa wa mataifa ya Ulaya) tano, medali tatu za shaba za Olimpiki, na tuzo ya FIFA ya mchezaji bora wa dunia 2003, 2004 na 2005, halafu kuanzia 2007 mpaka 2010 akawa wa pili kila mwaka nyuma ya Marta. Huyo siyo wa kukumbushwa.

Na kuna kingine kinachoniuma zaidi. Hata wale wanaomkumbuka, wengi wanachokumbuka ni 2011, Kombe la Dunia la nyumbani kwao Ujerumani, alivyotolewa mechi mbili za kwanza halafu akawekwa benchi hadi timu ikatolewa. Inasimuliwa kama aibu fulani hivi, mwisho mbaya wa mtu mkubwa. Nimeisoma hiyo stori mara nyingi na kila nikiisoma naona haijakaa sawa, kwa hiyo leo naandika kirefu, wenye haraka mnisamehe.

Prinz alizaliwa Frankfurt tarehe 25 Oktoba 1977. Sasa ili umwelewe lazima ujue nchi aliyozaliwa ilikuwa inawachukuliaje wanawake wanaocheza mpira. Mwaka 1955 chama cha soka cha Ujerumani, DFB, kilipiga marufuku soka la wanawake. Sio kwamba walikuwa hawalipendi tu, hapana, klabu zilikatazwa kuwapa wanawake viwanja, na sababu zilizotolewa ni za ajabu, kwamba mpira unaharibu mwili wa mwanamke na roho yake. Marufuku hiyo ilikaa mpaka 1970. Kwa hiyo Prinz amezaliwa miaka saba tu baada ya kufutwa kwake, wanawake wa kizazi kilichomtangulia walikuwa wameshachezea mpira kwenye mashamba na viwanja vya kuazima. Na hata ilipofutwa heshima haikuja siku hiyo hiyo. Mwaka 1989 timu ya wanawake ya Ujerumani Magharibi ilibeba Euro kwa mara ya kwanza, nyumbani kwao, na zawadi waliyopewa wachezaji na chama chao ni seti ya vyombo vya kahawa. Vikombe na visahani. Mabingwa wa Ulaya! Ndani ya kikosi hicho alikuwepo kiungo mmoja anaitwa Silvia Neid, lishike jina hilo maana tutakutana nalo tena. Ligi ya wanawake ya nchi nzima, Bundesliga yao, ilianza 1990 tu.

Huko ndiko Prinz alikotokea. Tarehe 27 Julai 1994, ana miaka 16, aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza na jezi ya taifa dhidi ya Kanada. Aliingia kipindi cha pili kumpokea Heidi Mohr, ambaye wakati ule ndiye alikuwa mfungaji tegemeo wa Ujerumani, na dakika ya 89 binti akafunga bao la ushindi, 2-1. Ebu fikiria, sabu wa miaka 16 anaingia kwa jina kubwa kuliko yote kwenye timu na anaimaliza mechi. Mwaka uliofuata, 1995, akafunga kwenye fainali ya Euro pale Kaiserslautern, Ujerumani ikaipiga Sweden 3-2, na miezi michache baadaye akacheza fainali ya Kombe la Dunia huko Sweden akiwa na miaka 17. Hiyo walipigwa na Norway 2-0. Ila miaka 17 kwenye fainali ya dunia, wengi wetu umri huo tulikuwa tunawaza mitihani.

Upande wa klabu nitapita haraka, siyo kwa sababu ni mdogo, ila kwa sababu ni mwingi mno. Alianza kutamba FSV Frankfurt, mwaka 1998 akahamia 1. FFC Frankfurt, majirani wa mji huo huo, na hapo ndipo alipokaa mpaka anastaafu ukiondoa kipindi alichoenda Marekani. Makombe ya ligi tisa, DFB-Pokal (kombe la mtoano la Ujerumani) kumi, mabao 259 katika mechi 282 za Bundesliga, yaani karibu kila akivaa viatu kuna bao. Mfungaji bora wa ligi mara nne. Mwaka 2002 UEFA ilikuwa imeanzisha kombe la klabu za wanawake, na fainali ya kwanza kabisa ikachezwa pale pale Frankfurt, tarehe 23 Mei, FFC ikaifunga Umeå ya Sweden 2-0, bao moja la Steffi Jones na lingine la Prinz. Wakalibeba tena 2006 na 2008. Kocha wa FFC ile ya 2002 alikuwa Monika Staab, ambaye ndugu zetu mlioko Ghuba mnaweza kuwa mnamfahamu kwa jambo lingine, kwani ndiye aliyekuja kuifundisha timu ya kwanza ya taifa ya wanawake ya Saudi Arabia mwaka 2021. Mama yule amezunguka na huu mpira jamani, anastahili makala yake mwenyewe.

Alichezaje sasa? Hili swali naulizwa na watu ambao hawajawahi kumuona, na jibu langu huwa ni kwamba usitegemee madoido. Hakuwa na vyenga vya Marta. Alikuwa na mita moja na sentimita 79 hivi, kifua kipana, mbio, na akishaanza kukimbia na mpira beki ana mambo mawili ya kuchagua, akae pembeni au agongwe. Alipiga kwa miguu yote miwili na alipiga kwa nguvu. Lakini kitu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote kwake ni jinsi alivyokuwa hakai katikati kusubiri kulishwa, alikuwa anatoka, anakwenda pembeni kulia, anavuta beki mmoja au wawili, anapiga krosi, halafu huyo anarudi kwenye boksi mbio. Namba tisa anayefanya kazi ya winga na bado ana mabao 128. Ukiangalia mechi zake nzima, achana na klipu za mabao tu, utaona pasi nyingi za mabao ya wenzake zimeanzia kwake.

Mwaka 2002 akaenda Marekani, timu ya Carolina Courage, kwenye ligi ya WUSA ambayo ndiyo ilikuwa ya kwanza duniani kuwalipa wanawake mishahara ya kueleweka kama wachezaji kamili. Mwaka ule ule wakachukua ubingwa. Kwa Prinz hiki kilikuwa kitu kikubwa maana kwao alikuwa bado mtu wa kucheza huku anasoma au anafanya kazi, alisomea fiziotherapia, hakuna aliyekuwa anaishi kwa mpira peke yake kirahisi. Ila ligi ile haikudumu. Mwezi Septemba 2003 ikafungwa, pesa zimeisha, siku chache tu kabla Kombe la Dunia halijaanza hapo hapo Marekani.

Kombe lile lilitakiwa lifanyike China. Ugonjwa wa SARS ukalihamisha, likapelekwa Marekani kwa dharura, na Wamarekani walikuwa mabingwa watetezi wakiwa na Mia Hamm, Kristine Lilly, Wambach kijana, uwanja wao, mashabiki wao. Kila mtu alijua nani anachukua. Nusu fainali ikawa Marekani na Ujerumani, Portland, tarehe 5 Oktoba. Dakika ya 15 Kerstin Garefrekes akafunga kwa kichwa kutokana na kona, 1-0, halafu ikaanza kazi ya kuzuia kwa zaidi ya saa nzima. Wamarekani walishambulia kila upande, kipa Silke Rottenberg akaokoa alichoweza kuokoa, na saa inakwenda, na Wamarekani wanazidi kupanda mbele kwa sababu hawana jinsi. Muda wa majeruhi umefika, wamebaki wazi nyuma, Maren Meinert akafunga la pili. Dakika mbili baadaye Prinz akafunga la tatu. Wenyeji waliondolewa nyumbani kwao 3-0, na ninaposema matokeo hayo hayaonyeshi jinsi mechi ilivyokuwa ngumu niamini, ile mechi ilikuwa vita.

Fainali wakaikuta Sweden, Carson huko California, tarehe 12 Oktoba. Sweden wakatangulia, Meinert akasawazisha mwanzoni tu mwa kipindi cha pili, wakaenda dakika za nyongeza, enzi zile za goli la dhahabu, yaani anayefunga kwanza mechi imeisha hapo hapo. Dakika ya 98 Renate Lingor akapiga faulo, Nia Künzer aliyekuwa ameingia kutoka benchi akaruka na kichwa, kwisha. Ujerumani bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza upande wa wanawake. Prinz hakufunga fainali ile lakini alimaliza mashindano na mabao saba, mfungaji bora, na mchezaji bora wa mashindano. Kule kwao watu zaidi ya milioni kumi walikuwa mbele ya televisheni. Kutoka seti ya kahawa mpaka hapo ni miaka 14.

Baada ya hapo ndiyo ikaja ile stori ya Perugia ambayo huwa inasimuliwa kama kichekesho na mimi naona ni moja ya maamuzi mazito aliyowahi kufanya. Rais wa Perugia, Luciano Gaucci, timu ya wanaume ya Serie A, ligi kuu ya Italia, akatangaza anataka kumsajili Prinz acheze na wanaume. Huyu Gaucci ndiye yule yule ambaye mwaka huo huo alimsajili Al-Saadi, mtoto wa Gaddafi, kwa hiyo unaelewa ni mtu wa aina gani, alipenda kamera. Prinz akakataa. Pesa zilikuwepo, jina lingeandikwa dunia nzima, angekuwa mwanamke wa kwanza Serie A. Ila angekwenda kufanya nini kule zaidi ya kukaa benchi apigwe picha? Alikuwa ndiyo kwanza ametajwa mchezaji bora wa dunia, kwenye mchezo wake, kati ya wenzake, na mtu anamwambia heshima ya kweli ni kukaa pembeni ya wanaume. Alibaki Frankfurt. Mimi uamuzi ule namheshimu nao kuliko tuzo zozote alizonazo, na nasema hivi kwa sababu hadi leo ukiandika kitu kizuri kuhusu mchezaji wa kike hakosi mtu wa kuja kukuuliza "lakini angeweza kucheza na wanaume?" kana kwamba ndiyo mizani pekee iliyopo duniani.

2004, Olimpiki ya Ugiriki, Ujerumani ikaipiga China 8-0 na Prinz akaweka manne. 2005 Euro nyingine. Miaka hiyo alikuwa hazuiliki kabisa. Na Silvia Neid, yule kiungo wa 1989, ambaye alikuwa nahodha wa timu Prinz alipokuwa anaanza, sasa akawa kocha mkuu wa timu ya taifa kuanzia 2005. Prinz akawa nahodha wake.

Kombe la Dunia la 2007 likafanyika China. Ujerumani ilifungua dimba na Argentina pale Shanghai, 11-0, matatu ya Prinz. Kumi na moja! Halafu wakaenda mashindano yote, mechi sita, dakika 540, bila nyavu zao kuguswa, Nadine Angerer golini. Tarehe 30 Septemba wakakutana na Brazil ya Marta na Cristiane kwenye fainali. Brazil ile ilikuwa imetoka kuipiga Marekani 4-0 nusu fainali na watu wengi, nikiwemo mimi moyoni, tulikuwa tunawataka Wabrazil kwa uzuri wa mpira wao. Dakika ya 52 Sandra Smisek akampa mpira Prinz ndani ya boksi, na hapa ndipo unamuona straika, maana wengine wangetuliza, wangetafuta kona ya juu, yeye hakutaka mambo mengi, akapiga mara moja, mpira ukapita chini, 1-0. Marta akapiga penalti, Angerer akaidaka ndoto ya Brazil nzima. Simone Laudehr akaongeza la pili mwishoni. Hakuna timu ya wanawake iliyokuwa imewahi kutetea Kombe la Dunia kabla yao. Na Prinz akafikisha mabao 14 kwenye fainali za Kombe la Dunia, rekodi yake peke yake wakati huo.

Nisisahau Euro ya 2009, Helsinki, fainali Uingereza wakala sita, 6-2, mawili ya Prinz. Umri 31. Hapo alikuwa na kila kitu ambacho mpira wa Ulaya na dunia unaweza kukupa isipokuwa dhahabu ya Olimpiki, na angeweza kabisa kutundika daluga siku ile ile na leo tusingekuwa na la kujadili.

Lakini 2011 Kombe la Dunia lilikuwa linakuja Ujerumani. Nani angeacha?

Sasa nisikilize vizuri hapa. Ujerumani iliandaa kombe lile kwa kishindo, na sura ya kombe ilikuwa Birgit Prinz. Mabango, televisheni, magazeti, hadi kampuni ya Mattel ikatengeneza mwanasesere wa Barbie wa Prinz, na mwingine wa kocha Neid. Nchi ambayo iliwakataza wanawake viwanja sasa inatengeneza wanasesere wao, na mimi sipingi, ni hatua kubwa. Tatizo ni kwamba mzigo wote ule ulitua kwa mtu ambaye miaka yote hakupenda mambo hayo. Prinz alikuwa mtu wa kucheza mechi na kwenda nyumbani. Wakati wenzake wanatafuta matangazo yeye alikuwa anasoma saikolojia chuo kikuu cha Frankfurt, na alimaliza shahada yake 2010, akiwa bado nahodha wa mabingwa wa dunia. Na ana miaka 33, mbio zimepungua, kila beki duniani anamjua.

Mechi ya kwanza, tarehe 26 Juni, uwanja wa Olimpiki wa Berlin, watu 73,680. Wapinzani? Kanada. Wale wale wa 1994. Ujerumani ikashinda 2-1 ila Prinz hakuwa vizuri, mguu mzito, mipira inampita, na mapema kipindi cha pili akatolewa, akaingia Alexandra Popp, mshambuliaji wa miaka 20. Miaka 17 nyuma yeye ndiye alikuwa yule kijana anayeingia na Heidi Mohr ndiye aliyekuwa anatoka. Siku nne baadaye wakacheza na Nigeria, na mechi hii ilikuwa Frankfurt, mji wake, mji aliozaliwa na kuchezea maisha yake yote. Nigeria walikaba kwa nguvu, walicheza kibabe, mechi ilikuwa ngumu na mbaya kutazama. Mapema kipindi cha pili akatolewa tena. Ujerumani ikashinda 1-0, bao la Laudehr, lakini kila mtu alikuwa anaongelea ile sura ya nahodha akitoka. Alikuwa ameumia moyoni, na hakuficha.

Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya 214 na ya mwisho. Hakuna aliyejua siku ile.

Mechi ya tatu na Ufaransa akaanza Inka Grings badala yake, Ujerumani ikashinda 4-2, Grings akafunga mawili. Hapa lazima niwe mkweli kwa Neid, maana wapenzi wa Prinz wengi wanamlaumu tu: yule kocha alikuwa na haki. Straika hafungi, mwenzake anafunga mawili, unafanyaje? Ungekuwa wewe ungemrudisha kwa sababu ya mabango? Wanawake wale wawili walikuwa kikosi kimoja kwenye fainali ya dunia ya 1995, mmoja nahodha na mwingine mtoto wa miaka 17, wakabeba pamoja dunia ya 2007, na sasa mmoja anatakiwa amwambie mwenzake kaa. Siamini ilikuwa rahisi kwa yeyote kati yao. Lakini ilikuwa ni kazi.

Robo fainali, tarehe 9 Julai, Wolfsburg, Japani. Prinz benchi. Mapema tu kiungo Kim Kulig akaumia goti, sabu ya kwanza ikaenda. Mechi ikawa ngumu, sifuri kwa sifuri, dakika 90 zikaisha. Dakika za nyongeza Neid akamtoa Grings, na aliyeinuliwa hakuwa Prinz, alikuwa Popp. Hiyo ndiyo ilikuwa sabu ya tatu na ya mwisho. Dakika ya 108 Karina Maruyama akafunga kwa Japani kwa pembe finyu kabisa, na kuanzia hapo Ujerumani inahitaji bao, na mtu mwenye mabao mengi kuliko wote katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake amekaa pale, mita chache kutoka kwenye chaki, na kwa sheria haiwezekani tena kumwingiza. Nikifika hapa kwenye marudio huwa nasimamisha kwanza. Wakatolewa. Na kwa sababu nafasi za Ulaya za Olimpiki ya London zilitokana na kombe lile, wakaikosa na Olimpiki. Hakukuwa na mashindano mengine ya kurekebishia. Japani wakaenda mpaka wakabeba kombe, na Marta mle mle akafikisha mabao 14 sawa na Prinz, akaja kumpita 2015.

Kwa hiyo ndiyo, kwa macho ya haraka ni mwisho mbaya. Tarehe 12 Agosti 2011 akatangaza amestaafu, na Machi 2012 akaagwa kwa mechi Frankfurt, klabu yake na timu ya taifa, na baadaye akapewa unahodha wa heshima ambao Ujerumani wanawapa wachache sana. Lakini wanaosema aliaibika, naomba waniambie aibu iko wapi. Hakugomea benchi. Hakuondoka kambini. Hakuisambaratisha timu katikati ya mashindano, na angeweza, kwa jina alilokuwa nalo sentensi moja tu kwa waandishi ingegawa nchi nzima mara mbili. Alikasirika kwa sababu alikuwa bado anataka kucheza. Mchezaji wa miaka 33 mwenye kila kombe ambaye akitolewa dakika ya hamsini na kitu anaumia kama mtoto wa yosso, huyo ndiye straika ninayemtaka mimi kwenye timu yangu. Tunawasifu wanaume kwa hasira hiyo hiyo, tunaiita njaa ya mafanikio. Kwake ikaitwa kushindwa kukubali umri.

Na angalia alichofanya baadaye. Wengi wenye jina kama lake wanakuwa makocha au wachambuzi wa televisheni, yeye akachukua ile shahada yake ya saikolojia na kwenda kufanya kazi TSG Hoffenheim, na wanawake na vijana wa akademi, kazi ambayo haina kamera. Kukaa chumbani na binti wa miaka 18 aliyeachwa kikosini, na kijana aliyevunjika goti, kuwasikiliza. Halafu akachukuliwa timu ya taifa ya wanawake kama mwanasaikolojia wao. Kombe la Dunia la 2019 kule Ufaransa, nahodha wa Ujerumani alikuwa Alexandra Popp. Yule yule aliyeingia Berlin. Hatua ya 16 bora wakakutana na Nigeria, wale wale wa Frankfurt, ikawa mechi ya 100 ya Popp na akafunga, wakashinda 3-0, na Prinz yuko kwenye benchi la ufundi. Kocha wa timu ile alikuwa Martina Voss-Tecklenburg, naye ni wa kikosi cha 1989 cha vikombe vya kahawa, na wa fainali ya 1995.

Huwa najiuliza wachezaji walioachwa nje siku zile walikuwa wanaongea naye nini, maana huwezi kumwambia "wewe hujui inavyouma". Anajua kuliko yeyote aliyekuwa kwenye lile basi. Popp mwenyewe baadaye alipitia yake, Euro ya 2022 alifunga mabao sita, kila mechi aliyoanza, akafika Wembley siku ya fainali mbele ya watu 87,192 na akaumia akiwa anapasha misuli moto, hakucheza. Ujerumani wakapigwa na Uingereza 2-1. Popp alistaafu timu ya taifa 2024 akiwa na mabao 67, ni mengi sana hayo, ni mchezaji mkubwa mno, na bado ni karibu nusu tu ya yale ya Prinz.

Kama hujawahi kumuona na una bando la kutosha, usianze na klipu za mabao bora. Tafuta ile nusu fainali ya Portland ya 2003 nzima, uangalie jezi namba tisa wakati Ujerumani hawana mpira, jinsi anavyorudi kukaba, anavyopokea mipira mirefu peke yake mbele na mabeki wawili mgongoni anasubiri wenzake wapande, dakika baada ya dakika, mpaka ile ya mwisho anapofunga. Halafu njoo kwenye komenti tubishane sasa, nani anatakiwa kutajwa kwanza.